Deni kwa Ndugu wa Mbali

Soma Matendo 11:27–30. 2 Wakorintho 8:1–15 na Warumi 15:25–27. Ni nani waliotoa, na kwa ajili ya nani?

Sadaka ya maafa inapotangazwa kanisani, wapo wanaojiuliza kimoyomoyo: kwa nini fedha ziende ng'ambo, ilhali jirani na kanisa yupo mjane asiye na unga? Si lazima swali hilo litoke kwa mchoyo. Huenda anayeuliza anamjua mjane huyo kwa jina, na wakimbizi wa vita vya mbali hamjui hata mmoja.

Siku za Kaisari Klaudio njaa iliingia Uyahudi, na waumini wa Antiokia wakaazimia kupeleka msaada, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Baadaye Paulo alisimamia changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wamakedonia, waliokuwa katika dhiki na umaskini mkubwa, walimsihi wasiachwe nje ya huduma hiyo. Yerusalemu ilikuwa safari ya majuma kadhaa kutoka kwao.

Katika Warumi 15:27 Paulo analiita tendo hilo deni. Mataifa walishiriki baraka za kiroho zilizotoka kwa Wayahudi, hivyo wanawiwa kuwahudumia kwa mahitaji ya mwili. Tena anataja usawa: kilichozidi kwa mmoja kifidie upungufu wa mwingine, na kesho mambo yaweza kugeuka. Mwenye kufanya hisani aweza kujisifu, lakini mlipa deni hana la kujisifia. Naye anayepokea haki yake hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo namna ya kutoa ni muhimu kama sadaka yenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati 24:10, 11 mkopeshaji anakatazwa kuingia nyumbani mwa mtu kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Mungu aliulinda mlango wa maskini hata alipokuwa anadaiwa. Je, picha ya mtoto mwenye njaa, inayosambazwa kwenye simu bila idhini ya mama yake ili changizo liongezeke, haijavuka kizingiti hicho? Paulo alilinda pia uaminifu wa fedha zenyewe: alisafiri na wajumbe wa makanisa, ili asiwepo wa kulaumu (2 Wakorintho 8:18–21).

Na yule mjane? Paulo huyohuyo alimwagiza Timotheo juu ya kuwatunza wajane (1 Timotheo 5:3–16). Deni moja halifuti jingine. Ndiyo maana kanisa lina Dorkas mtaani, na pia ADRA, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1956, kwa walio mbali. Anayemjua mjane kwa jina amekwisha kujifunza jambo kubwa: mkimbizi naye ana jina, na mbele za Mungu halijasahauliwa.

Maswali ya Kujadili

1. Ni mambo gani katika utoaji wa kikundi chenu yanayoonyesha kwamba mnalipa deni? Ni yapi yanayoonyesha kwamba mnafanya hisani?

2. Kama mafuriko yangekumba mtaa wenu kesho, mngependa wageni wa mbali waseme nini juu yenu wanapochangisha, na waonyeshe picha gani?