Damu Ikikatika, Kidonda Hakijapona

Wajukuu zangu mnaoshuka mashimoni huku Bugarama, nawaona mkikatwa na sururu mnakimbilia uzio wa mbono kaburi. Mnakwanyua jani, utomvu unachuruzika, mnapaka, damu inakatika. Siwakatazi kuuheshimu mti huo. Wazee walijua walichokifanya, na mwaka 2003 watafiti wa Nigeria walichapisha kwamba utomvu wake mzito huharakisha damu kuganda. Lakini waliona na jambo la pili: ukizimuliwa kwa maji, huichelewesha. Basi anayeukoroga kikombeni ili uwatoshe wengi anawazidishia wenzake kuvuja damu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile mnachokifurahia, yaani ule utando wa kahawia unaoziba jeraha. Mchubuko wa juujuu, haya. Lakini tundu la msumari au la ncha ya sururu, lililoingia na udongo na samadi, likizibwa juu linawafungia ndani vijidudu vya pepopunda, na hao hustawi pasipo na hewa. Siku kadhaa baadaye taya linakaza, mgongo unapinda, na hapo hakuna utomvu utakaokuokoa. Jeraha la namna hiyo lioshe kwa sabuni na maji safi mengi, libane kwa kitambaa safi, uende zahanati siku hiyohiyo ukaulizie sindano ya pepopunda. Usingoje lianze kuuma.

Wala msidhani kila mti wenye utomvu ni ndugu wa huo. Minyaa iliyozunguka miji yetu hapa Usukumani ina maziwa meupe yanayounguza ngozi, na tone moja jichoni laweza kukupofusha. Likikurukia, osha jicho kwa maji safi mfululizo, kisha hospitali.

Nanyi akina mama, tazameni mbegu za mbono. Mbuzi hawaugusi mti ule, ndiyo maana tunauwekea uzio, lakini mtoto hana tahadhari ya mbuzi. Mbegu zina ladha ya karanga, na kuzikaanga hakuondoi sumu yake. Akizila, baada ya muda mfupi anatapika, anaharisha, anaishiwa maji mwilini. Asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe mafuta. Mpelekeni kituo cha afya upesi, na mbegu zilizobaki mzibebe, mganga azione.