Nyuma ya Mtutu

Ufipa ni nchi ya wahunzi. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyoyeyusha chuma cha majembe, mabaki yake bado yapo vijijini. Mhunzi wa enzi zile alikijua chuma chake tangu kikiwa mawe. Bomba la maji lililookotwa halina anayelijua hivyo, na ndilo linalogeuzwa mtutu wa gobore.

Mchukue mwindaji wa ukingoni, pale milima ya Mbizi inapoteremkia Bonde la Rukwa. Alfajiri anamlenga nguruwe pori aliyeingia kwenye mahindi yake. Fataki inalia, gobore linagoma; baruti imepata umande.

"Shemeji, hiyo bado imo ndani," anaambiwa.

"Imeshakufa hiyo," anajibu, na anashindilia nyingine juu yake.

Safari hii zinawaka zote mbili. Mdomo wa bomba unabaki mzima kabisa. Kinachofumuka ni kizibo kilichochomelewa nyuma, jirani na shavu lake. Jicho la kulia halipo tena, wala vidole viwili.

Moto wa baruti husukuma pande zote kwa nguvu ileile, na penye udhaifu ndipo unapotokea. Bastola ya kiwandani nayo haijasalimika na kanuni hiyo. Ganda la risasi ni jembamba. Linalolizuia lisipasuke ni kuta za chemba. Lakini pale risasi inapopandia kuingia chemba, ukuta umepunguzwa, na chini ya ganda hubaki sehemu isiyo na egemeo. Wanaojaza risasi wenyewe, kama wengi wa Marekani, hupakagua sana hapo. Ganda lililokwisha kuvimba likijazwa tena, au baruti ikizidi, hapo ndipo linapopasuka, na moto hushukia kwenye magazini, ndani ya kiganja. Risasi ya milimita 9 inaruhusiwa kufikia shinikizo la bar 2,350, zaidi ya mara elfu moja ya upepo wa tairi la gari dogo. Ulaya, nchi nyingi huujaribu mtutu kwa risasi kali kupita kawaida kabla haujauzwa. Gobore hujaribiwa begani mwa mtu.

Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha iwe na leseni. Aliyeachiwa gobore na marehemu baba asilifyatue kulijaribu, maana huenda lina baruti ndani. Aliache lilipo, awazuie watoto, awaite polisi.