Kuua kwa Ajili ya Siasa

Alipopigwa risasi Bwana Tom Mboya mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na Mzee Abeid Amani Karume mjini Unguja tarehe 7 Aprili 1972, Waswahili walisema: ameuawa. Hatuna neno jingine. Waingereza wanalo, nalo ni assassination, yaani kumwua mtu mkubwa kwa ajili ya siasa. Je, lugha yetu imepungukiwa?

Kwanza tutazame asili ya neno hilo. Limetokana na Kiarabu hashishi, mla bangi. Ndilo tusi walilotupiwa Waismaili wa Kinizari, ambao kiongozi wao, Hasan bin Sabbah, aliitwaa ngome ya Alamut huko Iran mwaka 1090. Ni kweli watu wao waliwaua baadhi ya wakubwa. Lakini habari ya bangi haina ushahidi madhubuti. Yatoka vinywani mwa adui zao. Wapiganaji wa Msalaba wakaipeleka Ulaya, na singizio likawa neno la kamusi. (Wazao wa madhehebu hayo twawajua hapa Afrika Mashariki kwa shule na hospitali zao.)

Waarabu wana neno jingine, fatk: kumshambulia kwa ghafula mtu aliyejiona yu katika amani. Katika Hadithi iliyomo ndani ya Sunan Abu Daud, Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba imani humfunga muumini asitende hivyo. Angalieni tofauti, ndugu wasomaji. Neno la Kiingereza latazama cheo cha aliyeuawa na shabaha ya muuaji. Fatk latazama ile amani iliyovunjwa. Kwa neno hili mfalme na mchunga mbuzi ni sawa.

Mtu atasema: na mtawala dhalimu je? Kurani Tukufu (5:33), inapofananisha kuua nafsi moja na kuua watu wote, inambagua aliyeua na afanyaye ufisadi katika nchi. Naam, lakini ni nani aliyempa mwenye bastola kiti cha kadhi? Yeye ndiye mshtaki, ndiye shahidi, ndiye hakimu, na mshtakiwa hajui hata kwamba ameshtakiwa!

Abdurrahman bin Muljam, Khariji, hakujiona mwuaji alipompiga Hadhrat Ali r.a. kwa upanga wenye sumu huko Kufa mwaka 661. Alidhani anafanya ibada. Naye Hadhrat Ali r.a., akiwa katika maumivu, aliagiza mfungwa huyo alishwe vizuri. Akipona atamhukumu mwenyewe, akifa apigwe pigo moja tu, wala asikatwekatwe viungo, wala damu ya wengine isimwagwe kwa ajili yake.

Na tarehe 10 Machi 1954, baada ya Sala ya Alasiri msikitini Rabwah, kijana mmoja alimchoma kisu cha shingo Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. Wapo wanaomwita mtu wa namna hiyo ghazi. Kwa Kiswahili chetu, laiti kisu kingefika kilikokusudiwa, angeitwa mwuaji.