Kigari cha Vita na Aliyesahauliwa

Kijana mmoja wa Homa Bay alituletea kigari cha deraya alichokiunda mwenyewe, akatuuliza kama ni halali. Mwili wake ni bati la kopo la mafuta, mifupa yake ni waya, na magurudumu yake ni ndala kuukuu. Awali kilikuwa kilori; akalikata bodi lake, akaongeza mabamba na mtutu. Ng'ambo wako watu wazima wafanyao kazi hiyo hiyo kwa rezini iliyomiminwa katika kalibu, au kwa vipande vilivyochapwa na mashine tabaka juu ya tabaka, aghlabu kwa kipimo cha 1 kwa 35.

Jawabu la kwanza ni jepesi. Ibn Abbas (r.a.) alimruhusu msawiri kusawiri miti na kila kisicho na roho, na gari halina roho. Tena kuifanya kazi kwa uangalifu ni jambo la kusifiwa.

Lakini liko suala gumu zaidi. Mkono umeijua kila ribiti ya gari la vita. Je, moyo umemjua aliyeumizwa na vita? Sisi wa pande hizi hatuna udhuru. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, wakapigana na Waingereza Kisii, jirani zetu wa Migori. Katika vita vile magari hayakuweza kupita mahali pengi, na wanyama wa mizigo walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Basi shingo ya mwanadamu ikafanywa gari. Wapagazi wengi walichukuliwa Nyanza, na waliokufa upande wa Waingereza walipita 40,000. Na tarehe 25 Juni 2024 vijana waliuawa kwa risasi Nairobi, na jeshi likaamriwa kuwasaidia polisi.

Huenda mtu akasema: "Huo ni mchezo wa mtoto, mwacheni." Naam, mchezo ni haki ya mtoto. Lakini mchezo ndio darasa lake la kwanza, na akijifunza humo kuipenda silaha bila ya kumkumbuka aliyeelekezewa, ni nani atakayemfunza ukubwani?

Basi tulimrudishia kigari chake, wala hatukumwamuru akivunje. Wala hatukumtaka amfinyange mpagazi amweke kando yake. Tulimtaka awaendee wazee wake, awaulize ni nani wa ukoo wao aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi. Kisha amwombee kila aliyedhulumiwa. Hayo ndiyo tuyaonayo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.