Mpiga Besi Aliyeshuka Jukwaani kwa Hiari

Katika zama ambazo redio ya betri ndiyo iliyokuwa ukumbi wa dansi wa nyumba nyingi za Mpanda, na matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yakitufikia usiku mara yamepanda mara yamefifia, sauti iliyopotea njiani kuliko zote ilikuwa ni ile ya gitaa la besi. Maana spika ndogo haina kifua cha kutoa sauti nzito, na kwa sababu hiyo msikilizaji aliweza kumtambua mwimbaji kwa jina lake, akalifuata gitaa la solo mpaka linapokatika, lakini mpiga besi akabaki kuwa mtu wa kusadikiwa tu kwamba yupo. Ilimlazimu mtu aingie ukumbini, asimame karibu na masanduku ya spika, ndipo sauti ile imwingie tumboni na katika nyayo kabla haijamfika masikioni.

Wachache waliushinda udhaifu huo wa redio. Tom Malanga ni mmoja wao, yule aliyetoka Simba Wanyika huko Nairobi mwaka 1978 pamoja na Omar Shabani na wenzao wakaunda Les Wanyika, na ambaye besi yake katika wimbo wa “Sina Makosa” huigizwa kwa midomo hata na vijana waliozaliwa wakati santuri zimekwisha kuwa mapambo ya kabatini. Lakini nenda katika arusi yoyote pale Makanyagio, wimbo huo ukipigwa, uulize ni wa nani. Utajibiwa kuwa ni wa John Ngereza, aliyeuimba, na jawabu hilo halina ubaya, kwa kuwa sauti ya mwimbaji ndiyo iliyobeba maneno, na mwanadamu hukumbuka maneno.

Mpiga besi ninayetaka kumzungumzia leo ni Mwingereza, tena bado yu hai, na njia iliyonifikisha kwake ilipitia Unguja. Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa kule tarehe 5 Septemba 1946, na ambaye jamaa zake walihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, ndiye ulimwengu uliomjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Sisi Watanzania tunapomtaja humtaja kwa fahari iliyochanganyika na haya kidogo, wala sitaingia katika mjadala huo. Macho yangu yalivutwa na mtu aliyesimama nyuma yake upande mmoja, karibu na ngoma, mpole wa uso, ambaye hata alipotakiwa kuitikia aghalabu aliiacha maikrofoni kwa wengine.

Huyo ni John Deacon, mzaliwa wa Leicester, 19 Agosti 1951, aliyefiwa na baba angali mtoto wa miaka 11. Mwaka 1971 wale watatu wa Queen walikuwa wamekwisha kuwajaribu wapiga besi kadhaa bila ya kumpata wa kukaa naye. Alipokuja kijana huyu wa miaka 19, mwanafunzi wa elektroniki katika Chelsea College, wakaona kwamba anapiga vizuri, hana makuu, na juu ya hayo anajua kutengeneza vyombo vikiharibika. Katika jalada la santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1973, jina lake lilipinduliwa likaandikwa Deacon John, na santuri ikauzwa hivyo hivyo.

Siku moja, katika miaka hiyo ya mwanzo, aliokota ubao wa saketi wa redio ya transista uliokuwa umetupwa katika pipa kubwa la takataka barabarani, akauunganisha na sanduku dogo la spika, akatia betri ya volti 9, akapata amplifaya isiyokuwa na kitufe cha kupandisha sauti wala cha kuirekebisha. Mpiga gitaa wao, Brian May, alikitwaa chombo kile akakitumia studio mwaka baada ya mwaka, akatoa humo sauti mithili ya vinanda na tarumbeta, hata wasikilizaji wakadhani imekodiwa bendi nzima. Mafundi redio wetu wa pale sokoni, ambao kila siku hufufua kilichokwisha kutupwa, wangeielewa habari hii upesi kuliko maprofesa wa muziki. Na mimi kila nikiifikiri hustaajabu kwamba chombo kilichowaongezea wenzake adhama kilitengenezwa na yule aliyekuwa hana haja ya kusikika.

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa mtu wa kubebwa. Wimbo wa “You’re My Best Friend” ni wake, aliomtungia mkewe, na kwa ajili ya kuutunga alijifunza kinanda cha umeme ambacho Freddie hakukipenda. “I Want to Break Free” wa 1984 ni wake. Na “Another One Bites the Dust”, uliokamata nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1980, ni wake kadhalika, nao tokea noti ya kwanza hadi ya mwisho umesimama juu ya besi, kiasi cha kwamba ukiiondoa hapabaki wimbo. Mambo ya fedha za kundi nayo yalikuwa chini ya jicho lake. Mtu wa namna hiyo angeweza kudai nafasi mbele ya jukwaa, na hakuna ambaye angemwona kuwa amezidi mipaka.

Insafu inanitaka niseme na la upande wa pili. Mwaka 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, ile nchi ya bandia iliyoundwa na makaburu, wakati ambapo Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi ya shule pale Mazimbu, Morogoro, na wanamuziki wa dunia walikuwa wametakiwa wasikanyage kule. Walilaumiwa na chama cha wanamuziki wa Uingereza wakatozwa faini, nao wakajitetea kwamba wao si wanasiasa. Utetezi huo sikuukubali zamani wala siukubali sasa, na Deacon alikuwamo. Upole wa mtu haumtoi katika hesabu ya waliosafiri naye.

Freddie Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Deacon alipanda jukwaani mara chache baada ya hapo. Mara ya mwisho pamoja na wenzake ilikuwa Paris, Januari 1997, na mwaka huo huo akashiriki kurekodi wimbo mmoja wa kumwomboleza marehemu. Kisha akaondoka. Alikwisha kueleza kwamba kwake yeye Freddie hana badala, na neno hilo, ambalo wengi hulitamka kaburini na kulisahau kabla ya arobaini, yeye amelishika hadi leo. Mwaka 2001 kundi lao lilipotunukiwa heshima kubwa huko New York, mama yake Freddie, Bi Jer, alihudhuria, Deacon hakwenda. Wenzake wawili wameendelea, kwanza na mwimbaji Paul Rodgers, baadaye na Adam Lambert, wakijaza viwanja, na wamekuwa wakisema hadharani kwamba habari za biashara humfikia, naye hawazuii.

Mtu wa Mpanda hana haki ya kuwacheka wanaoendelea. Reli hii itokayo Kaliua ilifikishwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, mgodi ukafungwa kabla hata ya Uhuru, na lau kila kitu kingekufa na sababu iliyokizaa, sisi tungekuwa na kituo cha treni katikati ya miombo na tembo wakipita juu ya mataruma. Badala yake reli ikabeba abiria, mahindi na tumbaku, na mji ukapata sababu nyingine. Kadhalika bendi zetu. NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 imekuwa JUWATA, imekuwa OTTU, imekuwa Msondo Ngoma, wapigaji wamezikwa mmoja baada ya mwingine na nafasi zao zikajazwa, na hapana aliyeona kwamba marehemu amevunjiwa heshima; kwetu bendi ni nyumba, na nyumba hairithiwi kwa kubomolewa.

Pamoja na hayo yote, moyo wangu uko kwa Deacon. Nimewaona watu wengi mno wakibaki katika viti vyao, vya ofisi na vya siasa na hata vya kamati za misiba, kwa hoja kwamba umma bado unawahitaji, kumbe umma umekwisha kuwasahau na wao ndio wanaouhitaji umma. Kumwona mtu ambaye kweli angali anatakiwa, ambaye viwanja vingemshangilia na fedha zingemiminika, akachagua kukaa na mkewe na watoto wake sita bila ya kutoa maelezo kwa mtu, kwangu mimi ni shani.

Rafiki yangu mmoja, mpiga besi wa kwaya ya kanisa moja hapa mjini, hakubaliani nami hata chembe. Yeye husema kipaji ni amana, na aliyepewa akakifukia ataulizwa. Nilimjibu kwamba miaka 26, tokea 1971 hadi 1997, inatosha kuwa malipo ya amana yoyote. Akaniambia kwamba mimi si mpiga muziki, siwezi kujua vidole vinavyodai vikikaa bure, na katika hilo sikuwa na hoja.