Jembe la Mgeni

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kuwa onyo dhidi ya mgeni mvivu, lakini ndani yake mna jambo jingine: jembe ni la mwenyeji, na shamba ni la mwenyeji. Mgeni huingia katika kazi ambayo hakuianzisha na ambayo itaendelea baada ya yeye kuondoka. Mtaalamu anayetumwa na kampuni ya kimataifa kuongoza kampuni yake tanzu katika nchi nyingine huja na jembe lake mwenyewe, hulima kwa maelekezo ya makao makuu, na mara nyingi huondoka nalo. Je, ana deni lolote kwa wenyeji wake zaidi ya yale yaliyoandikwa katika mkataba?

Jibu hutegemea sababu ya kutumwa kwake. Mwaka 1977 wanazuoni Anders Edström na Jay Galbraith walizitaja sababu tatu: kuziba pengo pale ambapo ujuzi haupatikani, kuwakomaza mameneja wa kampuni yenyewe, na kuziunganisha sehemu za kampuni kupitia watu wanaofahamiana na kushiriki desturi moja ya kazi. Ni ile ya kwanza tu inayohusu upungufu wa mwenyeji. Mbili zilizobaki ni haja za kampuni mama. Hata hivyo, zote tatu huvishwa joho moja la utaalamu. Mtu aliyetumwa kwa kuwa anaaminiwa husemwa ametumwa kwa kuwa anajua. Hapo mwenyeji hudhulumiwa kimyakimya: huambiwa hana ujuzi, ilhali alichokosa ni kuaminiwa.

Historia ya Omani inalionyesha suala hili vizuri. Shehena ya kwanza ya mafuta ilisafirishwa nje mwaka 1967, na mwaka 1974 serikali ilifikisha asilimia 60 ya hisa za Petroleum Development Oman, Shell ikibaki mbia mkubwa wa kigeni. Kisheria kampuni ilikuwa na mwenyewe mpya, lakini wataalamu wa Shell waliendelea kupelekwa huko. Hisa zilibadilisha mikono mara moja. Mhandisi wa mafuta hakuweza kupatikana kwa haraka hiyo. Alihitaji shule, chuo, na miaka ya kukaa kando ya anayejua.

Katika miaka hiyohiyo, baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Waomani wengi walirejea kutoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Wale waliosoma na kukimudu Kiingereza walipata nafasi wizarani na katika kampuni ya mafuta, ingawa baadhi yao Kiarabu kiliwapa taabu. Kwa nasaba walikuwa wenyeji, kwa ndimi zao walionekana wageni. Manufaa yao ya haraka hayakutokana na damu wala pasipoti, bali na walimu waliowafundisha kwingine, zamani, bila kujua matunda yangevunwa wapi. Ujuzi wote hupokewa hivyo. Aliyeupokea ameshika amana, na amana haishikiliwi daima.

Tatizo ni kwamba mtaalamu wa kigeni hulipwa kwa kuwa anahitajika, na wajibu wake mkubwa ni kuifanya haja hiyo iishe. Sheria hujaribu kumsukuma. Omani ilianza mwaka 1988 sera ya kuwapa raia nafasi za kazi, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni humtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi. Lakini sheria hudai karatasi, nia haidaiki. Msaidizi mzalendo anaweza kupewa cheo, ofisi na gari, huku uamuzi ukikatwa usiku kwa simu ya makao makuu ambayo yeye hakualikwa. Mpango umetekelezwa, lakini hakuna kilichorithishwa.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Mgeni asiye na jamaa mjini huweza kukataa ajira ya upendeleo au hongo kwa urahisi kuliko mwenyeji aliyezungukwa na ndugu na wakubwa. Zaidi ya hayo, mzalendo anayekirithi kiti anaweza kuurithi pia ubahili wa kilichomo, akawafungia vijana wa kwao mlango uleule. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halimwondolei mgeni deni. Linaonyesha tu kwamba deni hilo halimhusu mgeni peke yake: humwandama kila anayekalia ujuzi.

Kwa hiyo, kuhesabu wageni wangapi wamebaki na wazalendo wangapi wamepandishwa hakutoshi. Swali la haki ni nini kinachotokea asubuhi ya kwanza baada ya mgeni kupanda ndege. Kama mtambo unasimama na watu wanasubiri simu kutoka nje, basi mshahara wake ulikuwa kodi ya jembe. Kama kazi inaendelea, na yupo anayejua si jinsi ya kuifanya tu bali na kwa nini hufanywa hivyo, basi jembe limebaki shambani.