Mtoto Aliyechaguliwa na Nduguze Waliobaki

Katika mji wa Tabora, ambapo zamani misafara itokayo pwani iliachana, mingine ikashika njia ya Ujiji na mingine ya kaskazini kwenda Karagwe, ipo skuli ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1925. Hapo mwanzo ilikuwa ya wana wa machifu, mtoto akiingia kwa nasaba ya babake. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa wapasio mtihani. Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937, alikuwa na yote mawili. Leo skuli hiyo, na ya wasichana iliyo mjini humo humo, na Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, huitwa skuli za vipaji maalumu, na watoto huchaguliwa kwa alama za mtihani wa mwisho wa skuli ya msingi.

Watu husema kuwa hii ndiyo haki. Ni karibu zaidi na haki, walakini mtoto hakujiumbia akili kama asivyojichagulia baba. Na yule aliyesomeshwa jioni kwa mwalimu wa kulipwa huonekana mwerevu kuliko mwenziwe aliyeshinda shambani akichuma tumbaku.

Basi na tumtazame mzazi mwenye watoto watatu, mmoja wao amechaguliwa. Ada ya skuli za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, illa godoro, sanduku, nguo na nauli havikuondolewa. Je, yafaa fedha yote ya mavuno imwendee huyu mmoja?

Bashir alimpa mwanawe Nuuman kipawa, akamwendea Mtume (S.A.W.) ili awe shahidi. Mtume akamwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume hakukubali kushuhudia. Kwa hiyo katika madhehebu ya Imam Shafi ni sunna kuwasawazisha watoto katika vipawa, na kumfadhilisha mmoja bila ya sababu ni makruhu. Lakini akiwa mmoja ana haja wasiyokuwa nayo wenziwe, karaha huondoka.

Huenda mtu akasema: kusoma ni haja, basi mas'ala yamekwisha. Hayakwisha. Godoro ni haja. Karamu ya kuwaonyesha majirani kuwa mwana amechaguliwa si haja yake, ni fahari ya babake. Na dada yake aliyepasi kwenda skuli ya kata, akaambiwa akae nyumbani ili kaka apate nauli, naye ana haja ile ile. Hapo jina la haja limetumika kufunika dhulma, na dhulma hii ni nyepesi kufanywa kwa kuwa binti hanung'uniki.

Imam Ghazali ameihesabu ilimu ya utabibu na ya hisabu katika fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi hata miji ikakosa tabibu Muislamu. Mtoto aendaye kusoma hayo huwachukulia mzigo waliobaki, na waliobaki wamemchukulia wake: mmoja amechunga mbuzi wake, mwingine amekosa viatu. Basi wana haki kwake, nayo yapasa aambiwe kabla ya kuondoka, mbele yao, pamoja na kile watakachopewa wao na wakati wake.

Asiambiwe zaidi ya hayo. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulipimwa, kiasi cha frasila mbili, kisha akajitwika. Mzigo wa matumaini anaotwikwa mtoto wa miaka kumi na mitatu hapimi mtu. Naye aendako atawakuta wenziwe wote walikuwa wa kwanza makwao. Akirudi likizo ya kwanza ameshika nafasi ya thelathini, asiulizwe mbele ya wageni.